Mashine ya boti inazima ukiachia resi: mwongozo kamili, kuanzia kwenye tangi mpaka ndani ya kabureta

Kuna ugonjwa mmoja wa mashine za boti ambao naulizwa kuliko yote. Mashine inawaka vizuri tu, ukikaza resi inakimbia haina shida, lakini ukiachia irudi sailensi, yaani mzunguko wa polepole bila kukaza resi, inatetemeka kidogo halafu imezima. Unavuta kamba, inawaka, unaachia, inazima tena. Watu wengi wanaishi na ugonjwa huu miezi na miezi kwa kushikilia resi muda wote kama vile ndo maisha ya mashine yalivyo, na wengine wanamwita fundi anakaza skrubu ya sailensi dakika mbili anachukua hela yake anaondoka.

Hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, kuanzia Oktoba hivi mpaka Februari boti zinatoka na wageni kuangalia papa potwe, na ile kazi yote ni ya mwendo wa polepole, unakaa pembeni mashine iko sailensi, unaweka fri (gia ikiwa haijaingia), unaingiza gia, unatoa, sasa mashine inayozima pale inakuacha unaelea na watu wako wako majini. Mvuvi anayevuta nyavu au anayepandisha dema naye anaitaka sailensi hiyohiyo. Na kubaya kuliko kote ni kwenye mlango wa mwamba wakati wa kusi, unapunguza resi ili wimbi lipite kwanza, mashine inazima, na mwamba uko pale unauona. Kwa hiyo naomba tulichukulie hili jambo kwa uzito wake.

Nitaongelea zaidi zile Yamaha Enduro za 15 na 40, tustroki (zile za kuchanganya oili na petroli) za silinda mbili, kwasababu ndizo zilizojaa pwani yetu na hata kule Ziwa Victoria, lakini mashine yoyote ya tustroki yenye kabureta (kile chombo kinachochanganya hewa na petroli) inafuata njia hiihii. Za fostroki nitazigusa mbele kidogo.

Kabla ya yote: usiguse skrubu ya sailensi

Najua mkono unawasha kwenda pale. Usiguse. Kama mashine ilikuwa inakaa sailensi vizuri mwezi uliopita na skrubu hujaigusa, basi skrubu sio iliyobadilika, kilichobadilika ni kitu kingine. Ukikaza skrubu mashine itabaki inawaka kweli, ila sasa inazunguka kwa kasi kubwa ikiwa fri, na kila ukiingiza gia inapiga "kgaa!" ile unayoijua, yale meno ya kilachi kule chini kwenye gia yanagongana yakiwa kwenye kasi, yanaliwa pembe taratibu mpaka siku gia inaanza kuchomoka yenyewe. Nimeshafungua gia ya 40 ambayo meno yalikuwa yamekuwa mviringo kabisa, na mwenye boti alikuja na malalamiko ya gia tu, kumbe chanzo chake ni kabureta chafu ya mwaka mmoja nyuma ambayo fundi aliifunika kwa skrubu. Gharama ya gia na gharama ya kusafisha kabureta huwezi kuziweka meza moja.

Ielewe kwanza kwanini inazima chini tu na juu haizimi

Ukiachia resi, kile kibati cha ndani ya kabureta kinakaribia kufunga kabisa. Hewa inapita kidogo mno, na petroli haipiti tena kwenye jeti kubwa (jeti ni kile kishaba chenye kitundu cha kupimia petroli), inapita kwenye jeti ndogo ya sailensi na kutokea kwenye vitundu viduchu ambavyo ukiviangalia utadhani vimetobolewa kwa sindano. Ukikaza resi jeti kubwa inaingia kazini na inafunika makosa yote. Kwa hiyo uchafu mdogo kuliko punje ya mchanga, ambao jeti kubwa hata haiusikii, unaiziba ile ndogo na mashine inakosa chakula chini huku juu inakula vizuri. Hiyo ndo sababu namba moja.

Namba mbili ni hewa ya wizi, yaani hewa inayoingia kwenye upenyo usio wake, labda gasketi imekatika au sili ya krenki imechoka. Ukiwa kwenye kasi upenyo ule sio kitu, ila kwenye sailensi ambapo hewa yenyewe ni kidogo, upenyo uleule unaharibu mchanganyiko wote. Na tatu ni moto: koili (inayotengeneza umeme wa cheche) au plagi iliyochoka inaweza kutoa cheche nzuri flaiwili, lile gurudumu la juu ya mashine, ikizunguka kwa kasi, ikipunguza cheche inakuwa dhaifu.

Isikilize inavyokufa

Hapa ndo napokaa muda mrefu kuliko pengine popote, na ndo pale mafundi wengi wanaporuka. Funga boti kwa kamba mbili, weka fri, vaa ile kamba nyekundu ya kuzimia mkononi, washa, iache ipate moto kama dakika tano hivi, halafu achia resi uisikilize tu bila kushika kitu.

Ikifa ghafla kama mtu kazima swichi, bila kukohoa, anza kufikiria umeme. Ikififia taratibu, inakohoa kohoa, ni mafuta. Ikipandisha mzunguko kidogo yenyewe halafu ndo ikafa, hiyo ni njaa, mchanganyiko umekuwa na hewa nyingi petroli kidogo, ama petroli haifiki ama kuna hewa ya wizi. Ikiwa nzito, moshi mwingi, maji nyuma yana utandu wa mafuta, halafu inazama na kufa, imeshiba kupita kiasi, choki (ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha) imekwama au sindano ya kabureta, inayofungia petroli isiingie zaidi, inavuja au ngozi ya pampu ya mafuta imepasuka.

Angalia na wakati. Inakufa ikiwa baridi tu, ikishapata moto inakaa? Au kinyume chake, asubuhi nzuri, baada ya nusu saa ndo inaanza, hapo koili zinaingia kwenye orodha kwasababu zina tabia ya kuchoka zikishapata joto. Ikiwa fri inakaa ila ukiingiza gia tu inazima, kabla hujafungua kofia ya mashine inua propela uiangalie kwanza, mara nyingi kuna mshipi au kipande cha nyavu kimejiviringisha nyuma yake.

Halafu kuna jaribio moja ambalo halina gharama yoyote. Mashine ikianza kufifia, shika kile kimpira cha kupampia kwenye bomba la petroli ukiminye. Ikifufuka, shida yako iko kwenye njia ya mafuta kabla ya kabureta, yaani tangi, bomba, au pampu. Ikizidi kuzama na kufa haraka zaidi, imeshiba. Isipobadilika chochote, nenda kwenye kabureta na moto. Sekunde kumi hizi zimeniokolea siku nzima za kufungua vitu visivyo na kosa.

Tahadhari ya kujaribia kwenye pipa

Wengi tunafanyia kazi nchi kavu na pipa la maji. Sawa, lakini maji yafunike kabisa sehemu ya kunyonyea na yapande mpaka juu ya pampu ya maji, na propela itolewe. Usiiwashe kavu hata "kidogo tu", impela ya pampu ya maji ni mpira, ikizunguka bila maji inaungua. Na jambo ambalo wengi hawalijui: sailensi iliyosetiwa kwenye pipa lenye maji kidogo itakudanganya. Ukiwa baharini moshi unatokea chini ya maji na yale maji yanausukuma urudi, mashine inafanya kazi zaidi, kwa hiyo iliyokaa vizuri kwenye pipa inaweza kuzima ikifika majini. Seti ya mwisho ni baharini.

Hatua ya kwanza: tangi, bomba na petroli yenyewe

Legeza skrubu ya hewa kwenye mfuniko wa tangi. Usicheke, nimeitwa mbali kwa kitu hiki. Ikiwa imefungwa, tangi linajinyonya na petroli inakataa kutoka. Utaona kimpira cha kupampia kimebonyea chenyewe. Kimpira kilichobonyea maana yake kizuizi kiko nyuma yake, upande wa tangi. Kimpira ambacho unapampu na kupampu hakikazi, kuna sehemu hewa inaingia au petroli inavuja, au valvu zake za ndani zimekufa. Hakikisha na mshale wake unaelekea kwenye mashine.

Kwenye zile konekta za bomba kuna kapete kadogo ka mpira ndani, kakikatika petroli haidondoki nje lakini hewa inaingia, na ukikaangalia kwa macho huoni kosa. Bomba nalo kwa ndani linaweza kubanduka ngozi ikaziba kama mlango, nje zuri kabisa. Njia rahisi ya kuhukumu vyote hivi kwa pamoja ni kuazima tangi na bomba la mwenzako ambalo linafanya kazi, ukafunga kwenye mashine yako. Ikipona, umepata.

Wale tunaotumia dumu la lita 20 lenye tundu la kupitishia bomba, tuseme ukweli, lile tundu linaingiza maji ya chumvi kila wimbi linaporuka. Chukua petroli kutoka chini kabisa ya dumu, weka kwenye chupa tupu, safi, inayopitisha mwanga, iache itulie dakika kumi. Maji yatakaa chini, petroli juu, utaona mstari. Ukiyaona hayo maji basi kabureta lazima ifunguliwe, kwasababu maji yaliyomo kwenye dumu yameshafika na kule. Na petroli ya kupimiwa kwenye chupa vichochoroni inuse. Mnakumbuka hadithi ya uchakachuaji wa mafuta ya taa mpaka EWURA, mamlaka ya Tanzania ya kusimamia nishati na maji, ikaanza kuweka alama kwenye mafuta mwaka 2010, mchezo ule haukufa kabisa, na mashine ya petroli ukiipa mafuta ya taa inakuwa ngumu kuwaka, inapoteza nguvu na sailensi inakuwa mbovu.

Oili: Enduro za kuchanganya mwenyewe nyingi ni 50 kwa 1, maana yake lita 20 za petroli unaweka mililita 400, lita 10 mililita 200, lita 5 mililita 100. Thibitisha na kitabu cha mashine yako. Pima kwa chupa yenye alama, sio kwa kukadiria "mikofia miwili mitatu". Ukizidisha, plagi zinalowa oili na sailensi inakufa, ukipunguza unaua pistoni. Tafuta oili iliyoandikwa TC-W3, hiyo ndo ya mashine za boti. Oili ya injini ya gari ukiichanganya humu inaacha masizi kwenye plagi na kwenye ringi, na kuna watu bado wanafanya hivi kwa ajili ya bei.

Hatua ya pili: plagi

Toa zote mbili, ziweke kwenye kitambaa kwa mpangilio, ya juu na ya chini, usizichanganye. Kahawia ni nzuri. Nyeusi iliyolowa ni mafuta mengi au haipigi moto. Nyeupe imekosa petroli au ina joto kupita kiasi. Ukiona moja kahawia na nyingine imelowa, umeshapata silinda yenye ugonjwa. Ukiona matone ya maji au kutu, maji yanaingia, ama kutoka kwenye petroli ama gasketi ya hedi.

Soma na namba. Mfano NGK B7HS-10, ile 7 ni kiwango cha joto, na kwa NGK namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi. Sasa dukani wanakwambia "B8 hamna tofauti chukua tu", tofauti ipo, plagi ya baridi kuliko inayotakiwa haijisafishi mashine ikiwa polepole, inajaa oili, na hapo unarudi kwenye kuzima. Ile -10 mwishoni ni nafasi ya milimita 1.0. Fuata namba iliyoandikwa kwenye kitabu au kwenye stika ya mashine.

Kujua silinda ipi haifanyi kazi, mashine ikiwa inazunguka polepole unaikatia moto silinda moja moja. Ila usichomoe kofia ya plagi ukaiacha inaning'inia hewani, umeme ukikosa pa kwenda unaweza kuua koili au CDI (kile kiboksi cha umeme kinachopanga cheche). Zima kwanza, chomeka kofia kwenye plagi nyingine ya zamani iliyofungwa kwa waya kwenye bodi ya mashine, mbali na petroli, halafu washa. Ukiikatia silinda na mzunguko haubadiliki, hiyo silinda ilikuwa haichangii kitu toka mwanzo.

Hatua ya tatu: kabureta, na hapa usiwe na haraka

Mashine kumi zinazozima sailensi zikija kwangu, nyingi zinamalizikia hapa. Tafuta sehemu isiyo na mchanga, sio ufukweni upepo unavuma. Tandika kitambaa cheupe. Piga picha kwa simu kila hatua, kila kiungo na kila springi, zitakusaidia kurudishia.

Chomoa bomba la petroli, toa mfuniko wa mbele wa kabureta, toa vile vyuma vya resi na choki, fungua nati zinazoishika, itoe. Kabla ya kufungua chochote tafuta skrubu ya mchanganyiko, ile ndogo yenye springi. Izungushe kuifunga huku unahesabu raundi mpaka iguse taratibu, USIIKAZE, ncha yake ni laini ukiikaza inaharibika na tundu linaharibika nayo. Andika: labda raundi moja na nusu, labda moja na robo. Hiyo namba ni mali. Baada ya kuiandika itoe kabisa.

Fungua kikombe cha chini. Angalia kilichomo kabla ya kumwaga, kama kuna maji, mchanga, unga mweupe au wa kijani, huo unga ni chumvi imekula chuma. Toa boya, toa sindano, toa jeti kubwa, halafu tafuta jeti ndogo. Hapa ndo watu wanapokosea: wanasafisha jeti kubwa kwasababu ndo inayoonekana, wanafunga, ugonjwa uko palepale. Jeti ndogo mara nyingi imejificha ndani ya shimo lake, nyingine iko chini ya kizibo cha mpira, inataka bisibisi nyembamba inayojaa vizuri kwenye mfereji wake, ukitumia bisibisi mbovu unaukata mdomo wake na haitoki tena.

Ishike ielekee kwenye jua. Lazima uone kitundu cha duara kilicho wazi kabisa. Ukiona mwanga nusu au duara lina pembe, bado. Puliza dawa ya kusafishia kabureta, iache iloweke, puliza tena kwa upepo wa kompresa. Ikikataa chukua uzi mmoja tu wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme mwembamba upitishe taratibu. Sio sindano ya kushonea, sio spoku, sio waya wa chuma. Jeti ni shaba laini na imetobolewa kwa kipimo, ukiipanua hata kidogo mashine itashiba siku zote na utakuja kununua jeti mpya.

Sasa vile vitundu viduchu ndani ya koo la kabureta karibu na kibati cha resi. Puliza dawa kupitia kwenye tundu la skrubu ya mchanganyiko na tundu la jeti ndogo huku unaangalia, dawa lazima itokee kwenye vitundu vyote. Kisichotoa kimeziba. Rudia mpaka kitoe. Vaa miwani, ile dawa inaruka machoni na inachoma vibaya.

Sindano na boya: rudishia, puliza kwa mdomo kupitia kwenye bomba la kuingilia petroli, kabureta ikiwa wima hewa ipite, ukiipindua juu chini hewa ikate kabisa. Ikiendelea kuvuja angalia ncha ya sindano, ikiwa na mkunjo wa duara imeisha.

Na gasketi. Tafadhali msitumie silikoni kwenye kabureta wala kwenye pampu ya mafuta. Nilipokea 40 moja iliyokuwa imeshasafishwa mara tatu kwa mafundi tofauti na kila mara inapona siku mbili inarudi kuzima, nilipotoa jeti ndogo nikakuta kitu cheusi kama kipande cha mpira, ni silikoni. Petroli inailainisha, inachanika vipande vipande, na kila ukisafisha vinashuka vingine. Nilikwangua yote, nikaweka gasketi ya karatasi yenyewe, ikatulia. Kama gasketi ya dukani haipo, kata kwenye karatasi maalumu ya gasketi, inauzwa kwa shiti kwenye maduka ya spea.

Wakati kabureta iko nje, fungua na pampu ya mafuta. Ngozi yake ikiwa ngumu, imekunjamana au ina tundu, badilisha. Ikitoboka, petroli inapita upande wa pili na kuingia moja kwa moja kwenye krenki, mashine inashiba bila kabureta kuwa na kosa lolote, na utasafisha kabureta mpaka uchoke.

Hatua ya nne: hewa ya wizi

Kabureta safi, plagi nzuri, bado inapanda na kufa? Washa, ishikilie polepole kadri inavyokubali, chukua brashi uchovye kwenye oili ya tustroki upake kuzunguka gasketi ya kabureta na kuzunguka kibati cha ridi (ridi ni vile vibati vinavyoruhusu hewa na petroli kuingia bila kurudi). Mlio ukibadilika au ukitulia ulipopaka, hapo panavuta hewa. Watu wengine wanapuliza dawa ya kabureta kutafuta, mimi sipendi, ile dawa inashika moto na mashine ni ya moto na cheche zipo karibu.

Kama kabureta inatema petroli kurudi nje mdomoni mashine ikiwa polepole, ridi ina kibati kilichovunjika au kisichokaa vizuri. Fungua uvihesabu vibati vyote, maana kipande kilichovunjika kimeenda mahali, na mahali penyewe ni ndani ya mashine.

Hatua ya tano: umeme

Anza na kitu cha bei rahisi, swichi ya kuzimia. Chumvi ikiingia ndani yake inagusisha waya na kuikata mashine hovyohovyo. Chomoa waya za swichi ujaribu. Ikiacha kuzima, swichi ndo mbaya, ila kabla ya kujaribu ujue utaizimaje: utavuta choki au kuchomoa bomba la petroli. Usitembee baharini hivyo, ukidondoka boti itakwenda zake.

Halafu waya za bodi, zile zenye jicho na bolti, fungua, sugua mpaka chuma king'ae, funga. Koili na stata (zile koili za chini ya flaiwili zinazozalisha umeme) zinapimwa kwa mita kwa vipimo vya modeli yako, mashine ikiwa baridi na tena ikiwa ya moto. Angalia na vile vyuma vinavyounganisha resi na bamba la moto chini ya flaiwili, mtu akishafungua kabureta na kurudishia kiungo vibaya, moto unapiga sio wakati wake na sailensi haitakaa.

Hatua ya sita: kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda

Pasha mashine, toa plagi zote, kofia zake zigusishe bodi, fungua resi yote, vuta kamba mara kadhaa ukiwa na geji. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti ikizidi kama asilimia 15 ringi au gasketi ya hedi inahusika, na hapo hakuna skrubu wala dawa itakayokusaidia, ni kufungua. Kidole gumba sio geji.

Themostati nayo, ile inayozuia maji ya kupozea mpaka mashine ipate moto, niitaje kidogo. Wengi wanaitoa eti inaleta joto. Ukiitoa, mashine ikiwa polepole inabaki ya baridi muda wote, petroli haichomeki vizuri, plagi zinalowa. Rudisha themostati.

Za fostroki: kama ni ya kabureta njia ni hiihii, jeti zake ni ndogo zaidi na zinaziba haraka. Kama ni ya injeksheni, angalia filta, maji kwenye petroli, halafu valvu ya hewa ya sailensi na ile chemba ndogo ya mafuta, na mara nyingi itataka kompyuta.

Kuseti mwisho, ndani ya maji

Sasa ndo ruhusa ya kushika skrubu. Rudisha ya mchanganyiko kwenye raundi zako ulizoandika. Boti majini, imefungwa vizuri mbele na nyuma, mashine ya moto. Zungusha skrubu ya mchanganyiko robo robo upande mmoja mpaka ianze kukohoa, rudi upande wa pili mpaka ianze kuwa nzito, kaa katikati panapozunguka laini kuliko pote. Kila robo subiri sekunde kumi, mashine inachelewa kujibu. Kaza resi ghafla: ikisita kama inataka kufa, bado ina njaa, ongeza petroli kidogo.

Halafu ingiza gia ya mbele ndo useti skrubu ya sailensi. Kipimo kiko kwenye kitabu, modeli nyingi za ukubwa huu zinaangukia kati ya mizunguko 700 na 1000 kwa dakika. Vile vimita vidogo vinavyofungwa waya wake kwenye waya wa plagi vinasoma vizuri na sio ghali. Ingiza na kutoa gia mara kumi. Isizime, na isipige kelele.

Ukiwa nje na ikakuzimia

Tupa nanga kwanza, ndo uanze kuitafuta. Legeza skrubu ya hewa ya tangi, pampu kimpira, badilisha plagi. Chini ya kikombe cha kabureta kuna skrubu ya kumwagia, ilegeze uachie petroli kidogo kwenye kopo, maji na uchafu vitoke, ifunge, pampu tena, mara nyingi hii peke yake inakufikisha nyumbani. Ikiwaka, choki iliyovutwa nusu inaweza kuishikilia kwenye sailensi kama jeti imeziba. Mwambie mwenzako mmoja ashike kasia akae mbele mpaka mvuke mwamba.

Kwenye boksi langu la boti kuna plagi mbili mpya, funguo ya plagi, bisibisi bapa nyembamba na ya nyota, plaizi, kapete ka konekta, kimpira cha kupampia cha akiba, kipande cha waya wa shaba, na chupa tupu ya kuangalizia petroli. Vyote vinaingia kwenye dumu la lita tano lililokatwa mdomo, na mfuniko wake nimeufunga kwa mpira wa baiskeli ili maji yasiingie.